Likizo ya Pemba kwa pesa kidogo: anza na mwezi, alafu boti, alafu gari za asubuhi

Kila skuli zikikaribia kufungwa napigiwa simu na jamaa wa bara, tunataka kuja Zanzibar familia nzima kupumzika ila bei tumeziona tumeogopa. Ukiuliza bei za wapi unaambiwa Nungwi, Kendwa, Paje, fukwe za Unguja. Sasa jamani Zanzibar ni visiwa, sio Unguja peke yake, ukivuka bahari kama kilomita 50 kwenda kaskazini kipo kisiwa chengine kizima, Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira Al-Khadraa, kisiwa cha kijani, na ukifika utaona kwanini. Vilima kila upande, mikarafuu, minazi, mpunga mabondeni, na fukwe ambazo unaweza kukaa mchana mzima ukaona watu wanne na wote wanne ni wavuvi. Hata sie Waunguja wengi tumezaliwa tumekua hatujawahi kuvuka, na mimi inaniuma kweli.

Ila nianze na jambo moja maana ndo linalowakwamisha watu. Pemba ni bei chee kwa anaekubali kwenda kama wanavyokwenda Wapemba wenyewe. Ukitaka Pemba kwa mtindo wa Nungwi, gari ya kukodi kuanzia bandarini, hoteli juu ya ufukwe, boti yako peke yako, utalipa pengine kuliko huko Nungwi, kwa sababu vitu hivo huku ni vichache na mwenye nacho anajua ni vichache. Kwahiyo mipango yote ntakayoeleza hapa ni ya mtu mwenye muda wa kutosha na pesa ya kiasi, siku 4 au 5, sio safari ya kulala usiku mmoja ukarudi.

Kitu cha kwanza kabisa kabla hujauliza tiketi ni kuangalia mwezi. Nasema mwezi wa angani, tarehe ya Kiislamu. Bahari ya kwetu inakupwa na kujaa kwa nguvu sana siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji makavu kabisa yanakuwa kwenye saa 4 asubuhi hivi, saa ile ile ambayo mgeni ndo anafika pwani na taulo lake begani anakuta bahari imekwenda mbali. Yanajaa tena kwenye saa 10 jioni, wakati wewe usie na gari unatakiwa uwe ushaanza kurudi mjini. Lakini ukienda siku za maji mafu, tuseme kuanzia tarehe 7 mpaka 10 au 21 mpaka 24 ya mwezi wa Kiislamu, bahari haiendi mbali na asubuhi kwenye saa 4 ndo imejaa, unaoga unavotaka alafu saa 8 unarudi zako na gari za abiria. Hili peke yake linakuokolea pesa ya kukodi gari ya jioni. Kama wewe unapenda kutembea mwambani kuangalia kina mama wanaookota chaza na wanaosaka pweza basi fanya kinyume chake, njoo bamvua.

Alafu majira. Masika, kuanzia kati ya mwezi wa 3 mpaka wa 5, mie simshauri mtu, mvua haina huruma na njia za ndani zinakuwa matope matupu. Kusi, yani upepo wa kusini, mwezi wa 6 mpaka wa 8, hali ya hewa ni tamu, baridi baridi, lakini bahari imechafuka na kuvuka ni kazi kwa mtu anaetapika. Mwezi wa 1 na wa 2, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, jua kali ila bahari imetulia na maji mangavu. Na kuna wakati mwengine ambao mimi naupenda kuliko wote, msimu wa karafuu, mara nyingi mwezi wa 9 mpaka wa 11 ingawa inategemea na mwaka. Hapo Pemba nzima inanukia. Unapita na gari unaona majamvi yametandikwa mbele ya nyumba, karafuu mbichi zina rangi ya kijani na wekundu kidogo, za juzi zishakuwa kahawia, na mtoto kapewa kazi ya kuangalia mawingu. Likitokea wingu tu utasikia anaita na nyumba nzima inatoka mbio kuanua. Usiku watu wamekaa ukumbini wanachambua, karafuu huku, makonyo, yani vikonyo vyake, kule, na ukisema hodi kwa adabu ukaomba kukaa kuchambua nao hakuna atakaekukatalia, tena utaletewa chai. Hiyo hakuna hoteli inayoiuza.

Kabla sijasahau, angalia pia Ramadhani imeangukia wapi, maana kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mchana mikahawa imefungwa na kula hadharani ni kukosea watu adabu, na Pemba karibu wote ni Waislamu. Ukija Ramadhani uje kwa kujua hivo, futari utakayokaribishwa hutoisahau, lakini kwa familia yenye watoto wadogo wanaotaka kula kila saa itakuwa tabu.

Kuvuka sasa. Ndege ndogo zipo, kutoka Unguja ni kama nusu saa unatua karibu na mji wa Chake Chake, ni nzuri kwa mgonjwa wa bahari ila kwa bajeti yetu twende na boti. Boti za abiria kutoka Unguja nyingi zinateremsha Mkoani, upande wa kusini, na haziendi mara nyingi kwa siku kama za Dar na Unguja, kwahiyo panga likizo yako kwa kufuata siku za boti, sio upange likizo alafu utafute boti. Kata tiketi kwenye ofisi ya boti wenyewe, usikate kwa mtu aliesimama njiani hata akiwa mkarimu vipi, na uwe na kitambulisho maana tiketi inaandikwa jina lako. Mtanzania analipa bei ya mkaazi, kama una mgeni kutoka nje yeye bei yake ya dola ni tofauti, na tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje mtu mzima anaeingia Zanzibar lazima awe amelipa bima ya dola 44, muhesabie mapema asije kushtukia.

Kaa katikati ya boti, karibu na nyuma, mbele ndo panaporuka. Kula kitu kikavu kabla, andazi au mkate, sio supu. Na ndugu zangu, chombo ukiona kimejaa kupita kiasi usipande, hata kama ushalipa, hata kama ni cha mwisho. Sie watu wa visiwani hatujasahau usiku wa Septemba 10 mwaka 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imejaza watu kuliko uwezo wake. Siku moja ya likizo ikipotea si kitu.

Ukishuka Mkoani utazungukwa na wenye taksi. Salimia, shukuru, tembea mpaka zinaposimama gari za abiria, panda ya Chake. Kwenye kilima kile ukigeuka nyuma unaiona bahari yote na kisiwa cha Makongwe mbele yake, bure.

Wapi ulale? Watu watakwambia kaskazini, Kigomasha, kwa sababu ufukwe uko huko, lakini mahoteli ya kule si ya mfuko wetu. Mie nasema weka kambi Chake Chake, ndo katikati ya kisiwa, gari za Mkoani, Wete na Konde zote unazipata hapo, benki zipo, soko lipo, na gesti za kawaida zipo za kutosha. Mie natenga elfu 40 mpaka 50 ya chumba kwa usiku, na mkikaa usiku kadhaa mfululizo mwenye gesti mnazungumza anapunguza, ila zungumza kwa upole na baada ya salamu ndefu. Pemba mtu anaeanza na bei kabla ya salamu anaonekana hakulelewa. Kula natenga elfu 15 kwa mtu kwa siku na mara nyingi inabaki. Wete pia ni mji mzuri, umetulia zaidi, kama ni mara yako ya pili lala Wete.

Kuhusu gari za abiria nisikilizeni vizuri. Asubuhi zimejaa tele, kuanzia alfajiri watu wanakwenda sokoni na makazini, ukitoka saa 1 unafika popote. Mchana zinapungua, na kadri jioni inavoingia ndo zinakwisha, na Ijumaa kuanzia saa 5 mpaka watu watoke msikitini usitegemee kitu. Mwaka wa kwanza nilipokwenda na wanangu tulikaa sana kaskazini, tukarudi Konde magharibi inaingia, hamna gari hata moja, ikabidi nikodi taksi mpaka Chake na pesa niliyolipa ilikuwa ya chakula cha siku mbili. Toka siku ile sheria yangu ni moja, saa 8 mchana niko njiani narudi.

Siku ya kaskazini basi inakwenda hivi, saa 1 asubuhi gari ya Konde, pale Konde mnapanda boda (elewaneni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabisa, msije mkaachwa) mnapita ndani ya msitu wa Ngezi. Msitu wenyewe ni masalia ya misitu iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu, unatoka juani mara moja unaingia kivulini, baridi, mivule mirefu, harufu ya majani yaliyooza. Getini kuna kiingilio na mtu wa kukutembeza, mpe nusu saa au saa nzima. Ukitokea upande wa pili unaifuata njia mpaka ufukwe wa Vumawimbi. Hamna duka pale. Beba maji, mkate, machungwa, na mfuko wa kurudishia taka zako.

Kisiwa kidogo cha Misali ndo safari ya gharama na ndo wengi wanapoharibu bajeti. Boti inatoka Wesha, karibu na Chake, na bei ni ya boti, sio ya kichwa, kwahiyo mkiwa wawili mnalipa sawa na wakiwa wanane. Ufumbuzi ni mmoja, ukifika gesti siku ya kwanza uliza nani mwengine anataka Misali, uliza na gesti ya jirani, muwe 6 au 8, alafu muende Wesha jioni kuzungumza na nahodha kwa ajili ya asubuhi inayofuata. Uliza mambo matatu: mafuta yamo kwenye bei? Kiingilio cha hifadhi kimo? Laifu jaketi zipo za watu wote? Zione kwa macho. Miwani ya kuzamia nunua Unguja uje nayo, inalipa safari ya kwanza tu. Misali hamna hoteli, ni hifadhi, kasa wanapanda kutaga pale, na matumbawe unayaona ukiingiza kichwa tu. Wazee wanasimulia Nabii Khidhri alitokea kwa wavuvi akaomba msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa hiki ndo msala wangu kwa vile kimeelekea Kibla, na ndo jina likatoka hapo. Kwahiyo wavuvi wanapaheshimu, na wewe paheshimu, usiondoke na kombe wala tumbawe.

Siku ya kupumzisha mfuko nenda Kidike, kwa gari ya barabara ya Chake na Wete, unashuka njiani unatembea. Huko ndo kwa popo wa Pemba, hapatikani pengine duniani, mbawa zikifunguka zinapita mita moja na nusu. Zamani walibaki wachache sana kwa vile waliliwa na miti ikakatwa, wanavijiji wakaamua kuwalinda na leo wamerudi kwa maelfu. Wananing'inia mchana kutwa kama magunia madogo mekundu, wanagombana, wanajipepea. Kiingilio ni kidogo na kinabaki kijijini, kilipe bila kubishana.

Ukirudi pitia Wawi, kiwanda cha makonyo, wanakamua mafuta ya karafuu, utayanunua pale pale. Lakini karafuu kavu zenyewe usinunue majumbani ukajaza begi, mnunuzi ni ZSTC tu, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ya karafuu ni kesi kweli kweli, utaharibu likizo yako na utamtia matatani mzee wa watu aliekuuzia kwa imani.

Chakula kila siku kula kwenye vibanda. Asubuhi chai ya viungo na vitumbua au mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi na samaki, jioni toka uende panapochomwa pweza na mishikaki, urojo, mihogo. Msimu wa matunda ukikukuta, shokishoki na doriani, hutotaka chakula.

Nguo, wanawake jifunikeni mabega na magoti mjini na vijijini, wanaume bukta iacheni pwani. Pesa taslimu toa Chake kabla ya kwenda kaskazini, mawakala wapo ila mtandao una siku zake.

Na usiku wa mwisho usilale Chake. Shuka Mkoani na gari ya mwisho mwisho ya mchana, lala karibu na bandari, maana boti haikusubiri na taksi ya alfajiri itakula pesa yako ya zawadi. Hiyo pesa nunua halua, mwambie muuzaji akukatie ya moto akufungie kwenye kikapu cha ukindu, na ukipanda boti kipakate mwenyewe usikiweke chini, sakafu inaingia maji mkifika mkondo wa Nungwi.