Kadi, Lipa Namba na noti: namna ya kupima gharama ya kulipwa dukani

Mwenye duka Dar es Salaam hulipwa kwa njia tatu kubwa: noti, Lipa Namba kwenye simu, na kadi kwenye mashine ya POS. Zote tatu zina gharama, noti zikiwemo. Wanaoumia ni wale wanaoambiwa makato ni asilimia 2, wakaona ni kidogo, wakasaini. Makato hukatwa kwenye mauzo, lakini yanayopungua ni faida.

Chukua mauzo ya 1,000,000 yaliyolipwa kwa kadi, makato asilimia 2, yaani 20,000. Muuza vipodozi mwenye faida ya asilimia 30 alikuwa apate 300,000. Sasa anabaki na 280,000, na maisha yanaendelea. Muuza sukari na mafuta ya kula kwa jumla, mwenye faida ya asilimia 3, alikuwa apate 30,000. Anabaki na 10,000. Mashine ni ileile na asilimia ni ileile, lakini huyu wa pili ameifanyia kazi benki. (Viwango vyote humu ni vya mfano. Weka vya mkataba wako.)

Kwa hiyo anza na faida ghafi (bei ya kuuza ukitoa bei ya kununua) ya kila aina ya bidhaa, usianze na ofa ya mtu wa benki aliyekuja na mashine mkononi.

Kisha pima noti. Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa sababu gharama ya noti haiji na meseji. Kwa mwezi mmoja andika nauli ya bodaboda ya kupeleka pesa benki au kwa wakala, upungufu wa droo kila jioni (chenji iliyozidishwa, noti bandia, pesa isiyojulikana ilikokwenda), na muda wa mfanyakazi kuhesabu na kutafuta chenji. Mfano: boda 3,000 kwa siku, upungufu 1,500, na saa moja ya mfanyakazi, tuseme 1,000. Jumla ni 5,500 kwa siku. Kwa siku 26 ni 143,000. Kama mauzo ya noti ni 13,000,000 kwa mwezi, noti inakugharimu asilimia 1.1. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na makato ya simu na kadi, si sifuri.

Lakini kuna mtego. Mauzo ya 4,000,000 yakihama kutoka noti kwenda Lipa Namba, boda bado inakwenda benki kila siku kwa 3,000 ileile. Umeongeza makato bila kupunguza gharama ya noti. Nafuu huja ukibadili na utaratibu: peleka pesa mara tatu kwa wiki badala ya sita, maana droo sasa haijai haraka. Mwenye duka asiyebadili ratiba hiyo hulipia njia zote mbili.

Lipa Namba

Usiamini jedwali la ada hadi ulijaribu. Lipa kwenye namba yako mwenyewe 1,000, kisha 20,000, kisha 200,000, ukitumia laini za mitandao miwili tofauti. Kwa kila muamala andika vitu vitatu: mteja amekatwa nini, wewe umeingiziwa nini, na utakatwa nini ukihamishia benki au ukitoa kwa wakala. Malipo ya mtandao mmoja kwenda mwingine, na ya simu kwenda benki, yamerahisishwa na TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania. Na msimbo wa TANQR umetengenezwa ili stika moja isomwe na programu za watoa huduma mbalimbali. Hata hivyo ada hupangwa na kila mtoa huduma, kwa hiyo jaribu.

Gharama kubwa ya simu mara nyingi iko kwenye kutoa. Ada za kutoa hupanda kwa ngazi, na kiasi kidogo hubeba mzigo mkubwa kwa kila shilingi. Kutoa 50,000 mara sita na kutoa 300,000 mara moja si kitu kimoja. Jumlisha kwenye jedwali lako utaona. Bora zaidi, pesa iliyoingia kwa simu itoke kwa simu: mlipe muuzaji wa jumla wa Kariakoo kwenye Lipa Namba yake, lipa umeme, lipa mshahara. Kabla ya kufungua Lipa Namba, waulize wanaokuuzia mzigo wanapokea mtandao upi. Jibu lao lina uzito kuliko rangi ya stika.

Kupokea malipo kwenye laini binafsi na kumwambia mteja "weka na ya kutolea" ni kupandisha bei waziwazi. Mteja anaona, na duka la jirani lenye Lipa Namba linamchukua. Tena pesa ya biashara inachanganyika na ya nyumbani, na mwisho wa mwezi huwezi kupiga hesabu yoyote kati ya hizi.

Kadi

Makato ya kadi yana mafungu matatu. Fungu la kwanza huenda benki iliyotoa kadi ya mteja. La pili kwa mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard. La tatu hubaki kwa benki iliyokupa mashine. Fungu la kwanza kwa kawaida ndilo kubwa, na ndilo lililozua vita na wafanyabiashara duniani: Umoja wa Ulaya uliliwekea kikomo mwaka 2015, asilimia 0.2 kwa kadi za akiba (debit) na 0.3 kwa kadi za mkopo (credit). Marekani iliwekea kikomo kadi za akiba za benki kubwa mwaka 2011. Wewe na meneja wa tawi mnaweza kujadili fungu la tatu tu. Uliza hivi: kiwango cha kadi za ndani ni kipi, na cha kadi za nje ni kipi (za nje kwa kawaida ni ghali zaidi), je, VAT imo ndani ya kiwango hicho, kuna ada ya kukodi mashine kwa mwezi, kuna kiwango cha chini cha mauzo, pesa inaingia siku ngapi baada ya mauzo.

Ada ya kukodi mashine hubadilisha hesabu yote. 50,000 kwa mwezi juu ya mauzo ya kadi ya 5,000,000 ni asilimia 1 ya ziada. Juu ya 1,000,000 ni asilimia 5.

Je, mashine inalipa? Tenganisha mauzo mapya na mauzo yaliyohama. Kwa faida ya asilimia 10 na makato ya asilimia 2, mteja mpya anakuachia 8 katika kila 100, na mteja wa zamani aliyeacha noti anakugharimu 2, ukiacha pembeni nafuu ya noti. Kwa hiyo mauzo mapya ya 1,000,000 yanafidia 4,000,000 yaliyohama. Kwa faida ya asilimia 3 mambo yanageuka: mpya anakuachia 1, kwa hiyo unahitaji mauzo mapya maradufu ya yaliyohama. Duka la Masaki lenye wageni na watu wasiotembea na noti linaweza kuyapata. Duka la jumla Tandika, ambalo wateja wake walikuwa watanunua hata hivyo, ni vigumu.

Yanayoharibika

Mtandao ukikatika katikati ya malipo ya kadi, mteja anaweza kupata meseji ya kukatwa huku mashine ikiandika imeshindikana. Usipitishe kadi tena papo hapo. Angalia orodha ya miamala kwenye mashine, piga simu benki, tunza karatasi. Ukipitisha mara ya pili, mteja anaweza kukatwa mara mbili, na marejesho huchukua siku.

Meseji ya malipo kwenye simu ya mteja si malipo. Meseji feki hutengenezwa kwa dakika. Toa mzigo baada ya kuona muamala kwenye simu ya duka. Kila asubuhi soma namba iliyo kwenye stika, maana hubandikwa nyingine juu yake; na mwambie mteja asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Kadi yenye chipu ichomekwe, isipitishwe kwa mstari wa sumaku, na usikubali kuandika namba ya kadi kwa mkono. Mwenye kadi akipinga malipo, benki itakudai ushahidi: karatasi ya mashine na risiti ya EFD ya mauzo hayo. Ukiwa huna, pesa inaweza kurudishwa kwake wakati mzigo umeshaondoka.

Kila jioni funga siku kwenye mashine, chapa jumla, na linganisha na taarifa ya benki pesa ikiingia. Tofauti ikitokea, dai mara moja, maana mkataba huweka muda wa mwisho wa kulalamika. Hesabu nzima irudie kila ada zinapobadilishwa, hasa baada ya 1 Julai, bajeti mpya ya serikali inapoanza kutumika.