Kuikuza bendi changa ya indie Uingereza, kutoka baa ya mtaani hadi mkataba

Arctic Monkeys, bendi ya Sheffield, walianza kupiga shoo mwaka 2003, kwenye baa ya The Grapes. Demo zao walizichoma kwenye CD wakazigawa bure. Waliozisambaza mtandaoni ni mashabiki. Kampuni ya rekodi ya Domino ilipowasainisha Juni 2005, kumbi zilikuwa tayari zimejaa watu wanaojua maneno yote. Oktoba singo yao ikashika namba 1, na albamu ya Januari 2006 ikauza nakala zaidi ya 360,000 wiki ya kwanza. CD imepitwa na wakati, ila mpangilio ni uleule: nyimbo zifike kwa watu kabla yenu.

Anzeni na nyimbo 3 zilizorekodiwa vizuri, si 10 za kubabaisha. Hifadhini faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, na kila rekodi ipate ISRC yake, ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Wasambazaji wengi wa mtandaoni huitoa wenyewe. Pakieni wiki 4 kabla ya siku ya kutoka, kwa sababu Spotify hutaka ombi la pleilisti lifike angalau siku 7 kabla. Wimbo wenye nguvu kuliko yote upelekeni BBC Introducing, mpango wa BBC wa wanamuziki wapya, ambako huangukia mikononi mwa watangazaji wa eneo lenu. Kama mwimbaji anaingia sekunde ya 40, kateni utangulizi.

Mkipewa dakika 30 jukwaani, andaeni nyimbo 7. Kwa dakika 3 na nusu kila mmoja, hizo ni dakika 24 na nusu. Zilizobaki huliwa na kutuni gita, makofi na kebo iliyogoma. Kupitiliza muda kunawaudhi promota, fundi sauti na bendi inayofuata, wote kwa mpigo. Bebeni seti 2 za nyuzi, betri za pedali, kebo 2 za akiba na fyuzi za amplifaya. Mpiga dramu aje na matoazi, snea, pedali na kiti chake: ngoma kubwa mara nyingi hutumiwa na bendi zote za usiku huo, hivyo vidogo hapana. Fundi sauti atumiwe mapema mchoro wa jukwaa unaoonyesha nani anasimama wapi na maikrofoni ngapi zinahitajika.

Kosa sugu la kumbi ndogo ni sauti ya mwimbaji kuzama. Dramu inapigwa kwa nguvu, mpiga gita hajisikii kwa kuwa amplifaya inaelekea magotini kwake, anaongeza sauti. Fundi naye akipandisha maikrofoni, spika zinapiga mluzi. Iegemezeni amplifaya itazame sikio la mpigaji, kisha muipunguze. Kwa ukumbi wa watu 100, amplifaya ya wati 15 ya valvu inatosha na kubaki, hata kama ile kubwa inapendeza pichani.

Nyumbani msipige kila wiki, watu watawazoea. Shoo moja kila wiki 6 inatosha. Katikati nendeni miji jirani. Kutoka Sheffield, Leeds na Manchester ziko kama saa moja kwa treni. Promota anayewataka mnunue tiketi kwanza ndipo muuze wenyewe, mkataeni.

Kabla wimbo haujatoka, andikeni nani ana asilimia ngapi ya wimbo, jumla 100, na wote mtie sahihi. Mtunzi ajiunge na PRS for Music, inayokusanya malipo ya watunzi. Waliopiga kwenye rekodi wajiunge na PPL, inayokusanya malipo ya rekodi. Ni mifuko miwili tofauti, na wengi husahau huu wa pili. Kila baada ya shoo, ripotini PRS orodha ya nyimbo mlizopiga.

Mkataba ukija, msisaini usiku uleule nyuma ya jukwaa. Musicians' Union, chama cha wanamuziki cha Uingereza, huwapitishia wanachama wake mikataba kwa wanasheria, kwa hiyo jiungeni mapema. Kwanza tazameni vipengele viwili: nani atamiliki rekodi na kwa miaka mingapi, na kampuni ina haki ya kudai albamu ngapi zaidi.