Paka tarehe ya leo kama On Kawara

Msanii On Kawara alizaliwa Japani, akahamia New York miaka ya 1960, na tarehe 4 Januari 1966 akaanza mfululizo wa picha za tarehe, kila moja ikiwa na tarehe tu ya siku aliyoichora, alioufanyia kazi zaidi ya miaka 40. Wanaoanza uchoraji mimi huwapa kanuni zake, maana zinamaliza kile kisingizio cha “sijui nichore nini”.

Anza asubuhi. Turubai dogo linatosha. Lipake rangi ya akriliki, tabaka nne hivi, kila moja ikauke kwanza. Chagua kijivu kilichokolea, bluu au nyekundu. Hapa usiwe na haraka hata kidogo: uso wenye mabonde huharibu herufi zote.

Pima kwa rula, chora herufi kwa penseli, kisha zijaze rangi nyeupe kwa brashi nyembamba. Stensili, yaani kiolezo cha herufi kilichokatwa tayari, Kawara hakutumia. Tarehe aliiandika kwa lugha ya nchi aliyokuwamo. Kama lugha hiyo haiandikwi kwa herufi za Kilatini, kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa. Wewe andika Kiswahili.

Saa sita usiku ikikukuta hujamaliza, liharibu turubai. Ndiyo, liharibu, naye alifanya hivyo. Ukimaliza, litengenezee boksi la kadibodi. Mara nyingi yeye alitia ndani kipande cha gazeti la siku ileile.