Skuli zafunguliwa tarehe 4 Januari 2021: vile mtaamua nyumbani bila kugombana

Wazazi wa Malindi, kuanzia Barani mpaka Mambrui, Januari 4 ndio hiyo imefika na kila grupu ya WhatsApp ni swali moja tu, mtoto utampeleka skuli ama humpeleki. Watu washaanza kutukanana. Mmoja asema korona ni ya wazungu na matajiri wa Nairobi, mwengine ameapa mwanawe hatoki mlangoni mpaka chanjo ije, na wote wawili ukiwauliza darasa la mtoto lina madirisha mangapi hawajui. Mimi sitawaambia mpeleke ama msipeleke, jibu la nyumba yangu litakufaa vipi wewe unayeishi na mama mkwe mwenye presha? Nitakachowapa ni njia ya kuamua, mfanye wenyewe.

Kwanza tuweke mambo sawa kwa waliochanganyikiwa na matangazo. Skuli zilifungwa katikati ya Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa tarehe 13. Mwezi wa saba Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu, akasema mwaka huu umeenda, tuonane Januari. Halafu Oktoba 12 wakaitwa gredi 4, darasa la nane na fomu 4. Sasa ni zamu ya waliobaki wote, wadogo mpaka fomu 3, na wanarudi darasa lile lile waliloliacha Machi, waanze temu ya pili. Kwa hivyo mwanao hajarudishwa nyuma, Kenya nzima imesimama hapo hapo. Lakini jua hili, mwaka huu wa 2020 ukimkalisha nyumbani alikuwa sawa na wenzake, kuanzia Januari ukimkalisha wenzake wanasonga.

Haya, tuanze na nyumba kabla ya skuli.

Andika kwenye karatasi kila mtu anayelala hapo kwako, hata yule mjomba anayekuja wikendi. Mbele ya kila jina andika umri na ugonjwa, sukari, presha, pumu, moyo, chochote. Watoto wengi wakiupata huu ugonjwa unawapitia kama mafua tu, wengine hata hawajui wameupata, sasa hofu kubwa sio ya mtoto mwenyewe, ni ya bibi anayelala naye chumba kimoja. Nyumba ya baba, mama na watoto wazima wa afya, na nyumba yenye babu wa miaka themanini anayepumua kwa shida, hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa na msilinganishe. Kama kuna mzee, swali linabadilika, badala ya kuuliza mtoto aende ama asiende uliza mzee tutamkinga vipi. Mara nyingi inawezekana: mtoto ahame chumba, akirudi aoge na abadilishe nguo kabla ya kumpa bibi mkono, mzee apewe chumba chenye upepo na kuzungumza naye iwe barazani nje. Kama nyumba ni chumba kimoja na pazia hapo sawa, ni ngumu, na mzazi wa namna hiyo akisema anasubiri kidogo msimcheke.

Halafu jiulize swali ambalo wengi wanalikimbia: saa hii mtoto yuko wapi? Manake tunabishana kama kwamba chaguo ni skuli ama kufungiwa ndani, na ukweli ni kwamba tangu barabara zifunguliwe mwezi wa sita hawa watoto hawajafungiwa popote. Wako Silversands wanaogelea kundi zima, wako uwanjani, wako kwa jirani wanaangalia katuni kumi kwenye kochi moja dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, wako chuoni (madrasa), wako sokoni wametumwa nyanya. Kama wako ni wa hivyo, skuli haimtoi kwenye usalama kumpeleka hatarini, inamtoa kwenye mchanganyiko mmoja inamuingiza mwengine. Linganisha skuli na maisha yake ya kweli, usilinganishe na maisha unayotamani angekuwa nayo.

Na tukisema ukweli, kukaa nyumbani nako kumekuwa na bei yake. Wasichana wadogo wamepata mimba miezi hii na kila mtaa wa Kilifi unajua. Kama una binti wa miaka kumi na nne na wewe na babake mnatoka alfajiri kutafuta riziki, huyo anakaa na nani mpaka jioni? Weka hilo kwenye hesabu pia. Na kama lishatokea, sheria inamruhusu arudi skuli, asifukuzwe na asiambiwe ni aibu. Kama kuna mtu anamsumbua mtoto, piga 116, simu ya kusaidia watoto, haina malipo.

Sasa skuli. Nenda mwenyewe, usitegemee ile barua ya hedimasta yenye muhuri. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, vaa maski, omba kuzunguka. Usiulize kama kuna maji, fungua mfereji uone. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho yakikatika wana tangi? Na hilo tangi lina maji leo ama ni la kupigia picha? Angalia sabuni, sio kopo la sabuni, sabuni yenyewe. Choo kina mlango? Halafu ingia darasa la mwanao ukae kwenye deski lake dakika kadhaa na ngojea upepo. Wallahi hii ndio sehemu muhimu kuliko zote. Ugonjwa huu unasafiri na pumzi, na chumba kilichofungwa chenye watoto sitini ndipo unapopenda. Januari kaskazi inavuma bure hapa kwetu, darasa lenye madirisha pande mbili linapata hewa mchana kutwa bila senti ya mtu, na mvua hakuna, kwa hivyo uliza kama baadhi ya masomo wanaweza kufanyia chini ya mwarobaini. Ukikuta madirisha yamepigiliwa mbao sababu ya wezi, hapo ndipo pa kuanzia ugomvi na kamati, na mbao zenyewe fundi anazitoa asubuhi moja.

Ile bunduki ya kupima joto getini watu wanaipenda sana, ati skuli iko tayari, ina bunduki. Inamshika mwenye homa peke yake, na mtoto anaweza kuwa nao bila joto hata kidogo. Mimi nikiambiwa nichague kati ya bunduki na dirisha, nachukua dirisha.

Kitu chengine ambacho hakuna anayefanya: tafuta mzazi wa gredi 4 ama darasa la nane wa skuli hiyo hiyo. Hao wako ndani tangu Oktoba. Muulize maski zinavaliwa mpaka saa ngapi (mpaka breki, nakuambia mapema), mwalimu akiumwa wanafanya nini, mtoto akikohoa anawekwa wapi, walishawahi kuambiwa kuna kesi ama walisikia kwa wapishi. Dakika tano na huyo mama zinashinda mkutano mzima wa wazazi. Na kumbuka Oktoba madarasa matupu yalikuwa mengi wakaweza kutawanywa, Januari wote wakijaa nafasi ile haipo tena, kwa hivyo uliza mpango wa Januari sio wa Oktoba.

Njiani ndipo tunapojidanganya. Unanunua maski tatu na sanitaiza halafu mtoto anapakiwa kwenye tuktuk na wenzake wanane wamepandiana magotini, mapazia yameshushwa. Kama skuli ni karibu atembee, na watoto wa mtaa mmoja watembee pamoja na mkubwa mmoja. Kama ni mbali, wanaovuka daraja la Sabaki kwa mfano, wazazi wanne watano wamkodi dereva mmoja kwa mwezi, watoto wawe wale wale kila siku, mapazia juu, na makubaliano ya idadi yawe kwa mdomo mbele ya wote. Dereva akiongeza mmoja njiani mnajua.

Sasa mazungumzo yenyewe ya baba na mama. Msiyafanye usiku mmechoka, na msiyafanye mbele ya watoto, manake mtoto akisikia babake anasema skuli ni kufa atakuja kukukatalia hata Mei. Kila mmoja aseme kitu kimoja anachokiogopa zaidi, kimoja tu, mwengine asikate. Mara nyingi utakuta hamgombanii korona. Baba anaogopa fizi (karo ya skuli), hoteli zilifungwa tangu Machi na hajui atasemaje kwa mwalimu mkuu, sasa anajificha nyuma ya ugonjwa. Mama naye labda anaogopa mamake. Likishajulikana la kweli lina dawa yake: fizi nenda ukazungumze kabla ya tarehe 4, peleka kidogo ulicho nacho na andikishianeni ya kulipa polepole. Skuli za kibinafsi nazo zimeumia, walimu wao wengi hawajaona mshahara miezi na miezi, watapendelea nusu yako kuliko kiti kitupu. Bibi na babu wapewe nafasi ya kusema, nyumba ni yao pia, lakini wasiachiwe wao uamuzi ili nyinyi mpate wa kumlaumu.

Mkiamua abaki nyumbani, sawa, lakini iwe kubaki kwa mpango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto skuli, kwa hivyo usimfiche tu, mfuate mwalimu mkuu, mueleze hali ya nyumbani, uandike barua na ubaki na kopi. Omba ratiba ya darasa na kazi za kila wiki. Kuna vipindi vya masomo kwenye redio ya KBC na runinga ya EDU kwa asiye na bando. Saa za kusoma ziwe asubuhi, mtu mzima awepo, na muweke tarehe ya kukaa tena, wiki ya tatu hivi, manake "tutaona" ya Kiswahili tunaijua inafika Ramadhani.

Mkiamua aende, anzeni wiki moja kabla kumlaza mapema, miezi tisa wamekuwa popo. Maski za kitambaa zinatosha, mshonee mbili ama tatu, moja avae na moja iwe kwenye begi ndani ya karatasi safi, kwa joto letu ya kwanza ikifika saa nne ishalowa jasho na maski iliyolowa haina kazi. Mfundishe kuivua kwa kamba za masikio. Andika jina kwa kalamu ya wino, watoto wanabadilishana maski kama vibonzo, wa gredi 1 ndio usiseme. Jioni zifuliwe kwa sabuni zianikwe juani. Chupa yake ya maji, kikombe chake, chakula chake asigawe, najua tumewalea kugawa na itamuuma, mueleze ni kwa muda.

Wa bweni sina mengi, ila ulizeni vitanda viko umbali gani, na mtoto akiugua usiku nani anampeleka hospitali na kwa gari gani. Jibu lisipokuwa na jina la mtu ndani yake sio jibu.

La mwisho ni asubuhi ya homa, na itakuja. Mtoto ameamka ana joto, anakohoa, ama anasema hasikii harufu ya mahamri jikoni. Usimpe Panadol ili apite getini. Wazazi wanafanya hivyo, na dawa ikiisha nguvu saa tano mtoto yuko katikati ya darasa. Mbakishe, mtenge na mzee, piga 719, simu ya wizara ya afya, uelezwe pa kupimwa, na akianza kupumua kwa shida usingoje simu, mpeleke hospitali. Mwalimu wa darasa apate meseji kabla kengele haijalia. Na chuoni pia asiende, manake kuna mtu atamzuia skuli asubuhi halafu alasiri ampeleke akakae mkekani bega kwa bega na watoto wa watu.