SOMO: Gari la mtumba linanguruma nyuma? Pitia hapa kabla hujanunua beringi

Wakuu, salaam. Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa tu. Nimechoka. Swali ni lile lile: "Gari linanguruma nyuma, fundi kasema beringi, nimebadilisha, bado linanguruma." Wiki iliyopita nimelijibu kwenye simu nikiwa nimelala chini ya gari la mtu mwingine, matope ya Uyole, Mbeya, mgongoni.

Mimi si fundi wa kusomea. Nina Noah ile ya zamani, injini chini ya viti vya mbele, inayosukumwa na tairi za nyuma. Ilininyima raha kuanzia masika hadi watu wanavuna mahindi. Ninayoyaandika hapa nimeyalipia.

Hatua ya 1. Toa kila kitu nyuma: jeki, spana ya tairi, kreti, tairi la akiba. Endesha. Kuna jamaa Mwanjelwa alifungua shokapu zote mbili, kumbe ni jeki imelegea kwenye kishikio chake.

Hatua ya 2. Pima upepo tairi zikiwa za baridi, kwa namba za kibandiko cha mlango wa dereva. Kupiga teke siyo kupima.

Hatua ya 3. Ipe sauti jina lake. "Inalia" haitoshi, hata mtoto analia.

Ikiwa inagonga "ko-ko" kwenye matuta, tafuta bushi, shokapu, raba za juu ya shokapu na linki za stabilaiza. Ikitoa "kong" moja nzito unapotoka D kwenda R, na gari lako lina propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), shuku krosi, yaani viungo vya propela, kwanza, kisha difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) iliyolegea. Ikikwaruza kama bati linaburutwa, mara nyingi ni kokoto imenasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, au bati lenyewe limepinda. Sisi wa barabara za vumbi tunaijua sana hii. Ikiwa ni mluzi mwembamba unaokuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia, hiyo ni difu inaomba msaada.

Halafu kuna ile yenye kutuchanganya wote: muungurumo unaopanda na mwendo, kama ndege inajiandaa kuruka pale Songwe. Hapa washukiwa ni watatu, yaani tairi, beringi na difu, na wote wanafanana sauti. Kuanzia hapa naongelea hiyo tu.

Hatua ya 4. Toka barabarani na mtu mmoja akae nyuma asikilize. Wewe usisikilize, endesha.

Nenda 40, 60, 80, uone inaanzia wapi. Kanyaga mafuta, achia. Muungurumo ukibadilika kwa mguu wako, shuku difu. Muungurumo usipojali mguu wako, ni tairi au beringi. Ukitaka uhakika, weka N kwa sekunde chache kwenye tambarare kabisa. Mimi nilifanyia kati ya Igurusi na Chimala, nje ya vijiji, kwa sababu ndani ya vijiji ni 50 na trafiki wapo. TAMBARARE, nimesema. Asitokee mtu akaweka N kwenye mteremko wa Iwambi halafu akaja kunilaumu.

Sikiliza pia lami. Ukitoka lami chakavu ukaingia lami laini na sauti ikapungua au kubadilika, inaelekea kwenye tairi. Beringi iliyokufa haijali lami, hunguruma hata kwenye sakafu ya kanisa.

Mwisho, barabara ikiwa tupu, mwendo 50 hivi, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia. Sauti ikiongezeka hapo, shuku beringi ya kulia. Kinyume chake ni vile vile. Ila usiapie. Bodi ya Noah ni ngoma tupu. Mke wangu aliyekaa nyuma aliapa ni kulia, mimi niliapa ni kushoto, na hakuna aliyekuwa sahihi.

Hatua ya 5. Hamisha tairi. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole.

Nilijua kabisa kwamba tairi zinaweza kunguruma. Nikasema nizibadilishe nione. Nilikuwa na jeki moja, wingu limeshatanda juu ya mlima Loleza, nikafanya cha haraka: tairi la nyuma kushoto nikalipeleka nyuma kulia, la kulia nikalileta kushoto. Nikaendesha. Sauti ikashuka kidogo, kesho yake ikarudi, bado iko nyuma. Nikatangaza kwa kujiamini: siyo tairi. Mnaona kosa? Tairi zote mbili zilibaki nyuma! Sauti ingekwenda wapi? Na kule kushuka kidogo kulitokana na meno ya tairi kuzunguka kinyume na yalivyozoea, siyo kupona. Kwa kosa hilo nikanunua beringi mbili, nikalipa za kugongea, jumla laki mbili na arobaini. Sauti palepale. Nikamwaga oili ya difu. Palepale. Nilikuwa nimeshaelewana bei na mtu wa Mafiati aniuzie difu nzima ya mtumba, ndipo mzee mmoja fundi pancha pale Kabwe akapitisha kiganja juu ya tairi langu mara mbili, kwenda na kurudi, akasema, "Hili ni msumeno."

Kwa hiyo: tairi za NYUMA zinakwenda MBELE, za mbele zinakuja nyuma, kila moja ibaki upande wake. Zote nne. Endesha barabara ile ile, mwendo ule ule. Muungurumo ukihamia miguuni kwako na kwenye usukani, ni tairi. Ukibaki nyuma bila kubadilika hata chembe, sasa unayo ruhusa ya kushuku beringi na difu.

Tahadhari zake:
- Tairi lenye mshale ubavuni lina upande wake. Usilivushe.
- Kama saizi ya mbele na ya nyuma ni tofauti, usihamishe. Azima tairi za mwenzako.
- Kaza nati kwa kuvukanisha, siyo kwa kuzunguka duara, na umalizie gari likiwa limeshuka chini. Mwenye spana ya kupimia, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hivi.
- Pitisha kiganja kama yule mzee. Likiwa laini ukienda na lenye kukwaruza ukirudi, meno yameshaota. Kina cha kashata, yaani raba inayokanyaga barabara, hakina maana hapo. Langu lilikuwa na kashata nzuri kabisa, ndiyo maana sikulishuku.

Hatua ya 6. Jeki. Gogo au jiwe mbele na nyuma ya tairi za mbele, kwa sababu utaachia hendibreki na kuweka N ili tairi la nyuma lizunguke. Weka stendi ya chuma. Jeki peke yake kwenye udongo mbichi wa Mbeya huzama, na usiingize hata mkono. Shika tairi juu na chini, tikisa. Halafu lizungushe kwa mkono mmoja, mwingine uweke kwenye springi. Beringi mbovu utaisikia inatetemeka kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Kwa wenye difu: tairi la upande wa pili likizunguka kinyume, usipige kelele, ndivyo ilivyo. Na usiwashe injini ukaweka gia ukiwa umenyanyua tairi za nyuma eti usikilize vizuri.

Hatua ya 7. Oili ya difu. Fungua kizibo cha KUJAZIA kwanza, ndipo cha kumwagia. Ukimwaga halafu cha kujazia kikagoma, umelala hapo hapo. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma siyo kawaida. Rudisha oili ya difu namba 90, GL-5, hadi iguse ukingo wa tundu.

Hatua ya 8. Sasa nenda dukani.

Kwangu zilikuwa tairi. Na tairi ziliota meno kwa sababu shokapu za nyuma zilikufa, na shokapu zilikufa kwa lumbesa za viazi nilizokuwa nabeba kutoka Isyonje. Nimebadilisha shokapu na tairi mbili. Siku hiyo ndiyo niligundua redio yangu nayo ina mkwaruzo.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

MASWALI

ist_nyeupe: Mkuu IST yangu inalia nyuma, difu ya mtumba sh ngapi?

Jibu: Hujasoma. Yako ni ya kuvuta kwa tairi za mbele au zote nne?

ist_nyeupe: Za mbele. Fundi kasema difu.

Jibu: IST ya kuvuta mbele haina difu nyuma. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole.

mtu_wa_mafinga: Fupisha mkuu, maelezo mengi.

Jibu: Hatua ya 5.

Mwalimu Tukuyu: Shikamoo kaka, ahsante kwa somo. Premio yangu hukwaruza nyuma asubuhi tu, hasa ikinyesha usiku. Nikifika kilomita moja hivi inanyamaza hadi kesho yake. Nayo niingize kwenye hatua hizi?

Jibu: Marahaba dada, na umelieleza swali vizuri kuliko wote. Kinachokuja na mvua na kuondoka baada ya kukanyaga breki mara kadhaa kwa kawaida ni kutu nyepesi ya usiku kwenye diski au dramu. Breki zenyewe huifuta. Haina shida. Ila jaribu kitu kimoja: usiku wa mvua, ukiwa umeegesha tambarare, weka P, kingia tairi jiwe, usivute hendibreki. Asubuhi ukiona gari linaondoka jepesi zaidi, basi breki za hendi zinanata na dramu zifunguliwe zisafishwe. Ukimaliza kuendesha, gusa rimu zote mbili za nyuma kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, hapo kuna breki haiachii.

Mwalimu Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana. Na je, gari likilala siku nyingi bila kutembea, tairi haziwezi kuleta kelele?

Jibu: Zinaweza. Upande ulioukalia uzito hubonyea, na kwa baridi ya huko kwenu ndiyo zaidi. Utasikia "du-du-du" inayofuata mzunguko, kisha inaisha tairi zikipata moto. Isipoisha, tairi limeharibika ndani, litoe.

fundi_miaka15: Umeandika vizuri lakini unawatisha watu na mafundi. Beringi zinakufa kila siku, mimi nabadilisha.

Jibu: Sijasema hazifi. Nimesema thibitisha kwanza. Mimi ndiye niliyelipa beringi mbili nzima.

fundi_miaka15: Sawa. Lakini hatua ya 6 ina upungufu. Beringi inaweza kunguruma bila kucheza hata kidogo. Mtu akitikisa juu na chini akaona imekaza atasema nzima. Na kwa Noah hiyo, chungulia ndani ya rimu: ukiona oili imetoka, sili ya ekseli imekwenda, inalowesha breki shuu. Hapo usisubiri muungurumo.

Jibu: Hapo umenifunga, fundi. Wakuu, asemayo ndiyo: kutikisa kukionyesha mchezo, ni mbovu, kusipoonyesha, hujathibitisha lolote, ndiyo maana mkono uwe kwenye springi. Nilipaswa kuandika hivyo.

mchele_kyela: Tairi ya mtumba nitajuaje umri wake?

Jibu: Tafuta DOT ubavuni, namba nne za mwisho. 2318 maana yake wiki ya 23, mwaka 2018. Kama upande wa nje hazipo, ziko upande wa ndani, mwambie muuzaji aligeuze. Akigoma kuligeuza, umeshapata jibu.

isyonje_shambani: Lumbesa si zilipigwa marufuku?

Jibu: Na shokapu zangu zilipiga marufuku. Tuendelee na gari.

isyonje_shambani: Haya. Nyongeza: ukibeba mzigo, ongeza upepo wa nyuma kama kibandiko kinavyosema, kina namba ya mzigo na ya bila mzigo.

Jibu: Si vibandiko vyote vinavyoitoa, ila kama kipo, kifuate. Ahsante.

ist_nyeupe: Mkuu nimeinama chini. Kweli hakuna difu. Kuna chuma kinene kimevuka kutoka tairi hadi tairi.

Jibu: Hiyo ndiyo ekseli yako. Ukiwa huko huko chini, na ekzosi ikiwa imepoa, tikisa ekzosi.

ist_nyeupe: Inagonga bodi. Kuna raba moja ya kuning'inizia imekatika.

Jibu: Funga kwa kipande cha waya ufike dukani, ununue raba. Fundi wako ulishamlipa?

ist_nyeupe: Nusu.