Somo: Kuziba Heartbleed kwenye seva ya zamani, hatua kwa hatua

Heartbleed, udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2014-0160, ulitangazwa tarehe 7 Aprili 2014 baada ya kukaa takribani miaka miwili ndani ya OpenSSL, maktaba huria ya usimbaji fiche. Somo hili ni la yeyote anayekabidhiwa seva ya enzi hizo ambayo haijaguswa.

Kasoro yenyewe ni hii. Itifaki ya TLS, inayosimba mawasiliano kati ya seva na wateja wake kama vivinjari, ina nyongeza iitwayo heartbeat: upande mmoja hutuma data fupi na kutaja urefu wake, na upande wa pili huirudisha kama ilivyo ili ijulikane kwamba muunganisho ungali hai. OpenSSL iliuamini urefu uliotajwa bila kuulinganisha na data iliyopokelewa kweli. Mshambuliaji aliyetuma baiti 1 huku akidai ametuma 60,000 alirudishiwa baiti yake pamoja na chochote kilichokuwa jirani nayo kwenye kumbukumbu ya seva, hadi karibu kilobaiti 64 kwa kila ombi, na aliweza kurudia ombi hilo apendavyo. Humo zilipatikana nywila, vidakuzi vya watumiaji waliokuwa wameingia na hata ufunguo binafsi wa seva, yaani siri inayolinda mawasiliano yake, ilhali faili za matukio kwa kawaida hazikuonyesha lolote. Dawa yake ilikuwa ukaguzi wa mistari michache tu.

Hatua ya kwanza: tambua toleo kwa amri `openssl version -a`. Matoleo yenye kasoro ni 1.0.1 hadi 1.0.1f, toleo la 1.0.1g limerekebishwa, na yale ya 0.9.8 na 1.0.0 hayakuwahi kuwa na kasoro hii. Hata hivyo, Debian na Ubuntu walipachika kiraka bila kubadilisha herufi ya toleo, kwa hiyo 1.0.1e inaweza kuwa salama. Angalia namba kamili ya kifurushi.

Hatua ya pili: sasisha, kisha uwashe upya kila huduma inayotumia maktaba hiyo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu programu iliyokwisha kuanza huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu, hata kama faili mpya iko kwenye diski. Endesha `lsof | grep libssl`. Mstari wenye neno DEL unaonyesha programu ambayo bado imeshikilia nakala iliyofutwa. Msimamizi huikumbuka seva ya wavuti na kuisahau ya barua pepe. Ukiwa na shaka, iwashe upya mashine nzima.

Hatua ya tatu: tengeneza ufunguo binafsi mpya, omba cheti kipya (hati inayothibitisha utambulisho wa seva na kubeba ufunguo wake wa umma), kisakinishe, kisha uombe cha zamani kibatilishwe.

Hatua ya nne: funga vipindi vyote vya watumiaji, ndipo uwaombe wabadilishe nywila. Wakizibadilisha kabla ya hatua ya pili, nywila mpya zitavuja kama za zamani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, nayo imeathirika?
Jibu: Hapana. OpenSSH, programu ya SSH, huazima kanuni za hesabu kutoka OpenSSL, lakini haitumii TLS, na kasoro iko kwenye TLS.

Swali: Tuna kifaa ambacho hatuwezi kukipandisha toleo. Tufanyeje?
Jibu: Kama mna msimbo chanzo, ijengeni upya maktaba kwa chaguo la `-DOPENSSL_NO_HEARTBEATS`. Kama hamna, kiondoeni kwenye mtandao.

Swali: Nimeshapata cheti kipya kwa kutumia faili ileile ya ombi la cheti niliyokuwa nayo. Inatosha?
Jibu: Haitoshi, ndugu. Faili hiyo inabeba ufunguo wa umma uleule, maana yake ufunguo binafsi haujabadilika. Endesha `openssl x509 -noout -modulus -in` na jina la faili kwa vyeti vyote viwili. Matokeo yakifanana, rudia hatua ya tatu.

Swali: Mawasiliano yaliyorekodiwa kabla ya ukarabati yanaweza kusomwa leo?
Jibu: Inategemea namna funguo zilivyobadilishanwa. Kwa njia ya RSA, mwenye ufunguo binafsi wa zamani anaweza kuyafungua yote aliyoyahifadhi, na kubatilisha cheti hakumzuii. Kwa njia ya ECDHE, kila kipindi kina ufunguo wake wa muda, kwa hiyo ufunguo wa seva peke yake haumfikishi popote.