Kashata na dagaa wa viungo: zawadi za Krismasi zisizolainika kwa unyevu wa Mwanza

Desemba kwetu ni mvua, na unyevu ndio adui mkubwa wa zawadi ya kula. Kashata iliyovunjika kwa mlio asubuhi, jioni inanata vidoleni. Kwa hiyo kila hatua hapa inahusu kutoa maji kwenye chakula, kisha kuyazuia yasirudi.

Kashata za karanga

Kwa chupa nne ndogo: karanga nusu kilo, sukari gramu 300 (kikombe kimoja na nusu), maji nusu kikombe, na kijiko kimoja kimoja cha chai cha maji ya limau na iliki iliyosagwa. Chumvi, nusu kijiko cha chai.

1. Chambua karanga kwanza. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, kwa sababu sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Kaanga zilizobaki kwa moto mdogo, pukuta maganda, kisha ziache karibu na jiko zibaki na joto. Karanga za baridi zikiingia kwenye shira ya moto huigandisha kabla hujamaliza kuchanganya.

2. Weka sukari, maji na limau motoni. Koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu weka mwiko pembeni. Hapa ndipo wengi wanaharibu: ukizidi kukoroga, chembe zilizoganda ukingoni hurudi ndani na sufuria nzima inageuka mchanga mweupe. Ikitokea, usimwage. Ongeza maji nusu kikombe, yeyusha upya, uanze tena. Limau nalo lipo kwa sababu hiyo hiyo, kuizuia sukari isijigandishe.

3. Subiri rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likivunjika kama kioo, tayari. Anayetumia kipimajoto akumbuke kwamba Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Punguza nyuzi 4 kwenye vipimo vya mapishi ya pwani, la sivyo utaunguza.

4. Epua, tia karanga, chumvi na iliki, changanya haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Sukuma kwa kifimbo cha chapati mpaka unene wa sentimita 1. Kata ndani ya dakika mbili au tatu, kwani ikishapoa itapasuka ovyo. Ikikuwahi, rudisha sinia juu ya moto mdogo kidogo.

Dagaa wa viungo

Nunua robo kilo pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na uulize kama walianikwa kwenye chanja. Waliokaushwa mchangani hubaki na mchanga hata ukiwaosha mara tano. Toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu, kisha waanike mpaka wakauke kabisa tena.

Kaanga konzi moja moja kwa mafuta mengi, dakika 2 hadi 3. Sikiliza na uangalie: povu likitulia, maji yameisha. Wachuje, wachanganye wakiwa bado moto na pilipili ya unga, bizari nyembamba iliyosagwa na chumvi (onja kwanza). Usikamulie ndimu na usitie kitunguu saumu kibichi. Vyote vinaleta maji. Ukitaka ladha ya saumu, ikate nyembamba, ikaange mpaka ikauke, ndipo uichanganye. Waliwe ndani ya wiki mbili, maana mafuta huchacha.

Kufungasha

Usifunge kitu chenye joto. Mvuke unageuka maji chini ya kifuniko na kudondoka. Acha saa moja mpaka mbili, kisha jaza chupa zilizooshwa, zikakauka kabisa. Kati ya tabaka za kashata weka karatasi ya kuokea.

Sasa mapambo. Kwa kifuniko cha sentimita 8, kata duara la kitenge la sentimita 16, lishike kwa raba, kisha ifiche raba kwa kamba ya katani. Kopo la maziwa ya unga linapendeza likivishwa kitenge kwa gundi ya wanga wa muhogo, na harufu ya gundi hiyo haiingii kwenye chakula. Wa Bukoba hufunga kahawa ya kutafuna kwa majani makavu ya mgomba. Iga hapo, lakini kwa nje tu. Pangusa jani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili lisipasuke, lizungushe chupa, na liache likauke kabla ya kufunga. Jani lenye madoa meusi ni la kutupa.

Kwenye kibandiko andika tarehe na viungo, hasa karanga na samaki, kwa ajili ya wenye mzio. Zawadi zinazosafiri kwa basi kutoka Nyegezi zijazwe hadi juu, maana nafasi ikibaki kashata huruka na kuwa chenga kabla ya Shinyanga.